Nyuzi Nne na Vipindi vya Jua

Utabiri wa wiki ijayo umeshatoka, nami nimeshanuna. Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa, anasema mtangazaji kwa pumzi moja, itakuwa na hali ya mawingu kiasi, baridi kali nyakati za usiku na asubuhi, pamoja na vipindi vya jua. Kisha anateremka pwani, anatuarifu kwamba upepo utavuma kutoka kusini-mashariki na mawimbi yatakuwa makubwa kiasi. Mawimbi! Mtu nipo Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nimevaa sweta juu ya sweta na mzula mpaka kwenye nyusi. Wimbi pekee ninaloweza kuliona huku ni la blanketi nikijigeuza kitandani.

Laiti utabiri huu ungekuwa wa uongo, ningepata wa kumlaumu. Bahati mbaya ni wa kweli, na utakuwa wa kweli wiki ile nyingine, na nyingine tena, mpaka Agosti iishe. Nafundisha jiografia, kwa hiyo hata sababu naijua, ingawa kuijua hakujawahi kunipasha joto. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni, ule mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, hupata nguvu na kuanza kutusukumia hewa ya baridi. Hewa hiyo ikifika kwetu Tanga inaitwa kusi, nayo ni neema tupu: watu wanatandika mikeka barazani, wanapunga upepo, mzee anafungua kifungo cha juu cha shati na kumshukuru Mungu. Hewa hiyohiyo ikipanda huku inakuwa kesi nyingine. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua nyuzi 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Barua yangu ya uhamisho ilieleza kwa kirefu kwamba napanda daraja. Haikutaja kwamba naenda kukatwa nyuzi 12 kila mwezi, bila rufaa.

Utabiri ukishasomwa, simu zinaanza. Wa kwanza ni mama, kutoka Tanga. Yeye ni mtu wa redio, na redio inasoma miji kwa foleni, joto la juu, joto la chini, mawio na machweo, kwa hiyo anazikamata namba zote halafu hajui azifanyie nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia Njombe nyuzi nne. Hizo nne ndiyo baridi kubwa au ndogo?"

"Kubwa, mama."

"Na sisi huku tumeambiwa ishirini na moja. Basi si huku ndiyo zaidi?"

Nikamweleza kwamba nyuzi zikipungua ndipo baridi inapozidi. Akanyamaza kidogo, akasema mambo ya serikali siku zote yako kinyumenyume, kisha akaniuliza kama nakula.

Anayefuata ni shemeji yangu wa Dar es Salaam, na huyu ndiye anayenimaliza. Shemeji anaamini kwamba Dar kuna baridi. "Shemeji, mwaka huu imezidi," ananiambia kwa sauti ya mtu anayetoka kuzika. "Jana usiku nimezima feni." Amezima feni! Na si hivyo tu, asubuhi amemwona konda wa daladala kavaa koti. Namuuliza nyuzi ngapi, ananijibu kumi na tisa, tena kwa kunong'ona, asije akazishtua zikashuka. Huku kwetu zikifika kumi na tisa mchana wa Julai, walimu wote tunahamishia viti uwanjani, kengele ya kipindi inachelewa kugongwa, na hakuna anayeuliza.

Halafu hivyo vipindi vya jua. Sikatai, jua lipo. Anga samawati, hakuna hata wingu la kusingizia, ukipiga picha ukaituma pwani watakuuliza unalalamikia nini. Ila ni jua la upande mmoja. Ukisimama nalo, paji la uso linaungua huku kisogo kilicho kivulini kinaganda, na ukigeuka vinabadilishana tu mateso. Simu yangu nayo inanichorea kijua cha manjano kinachotabasamu, Jumatatu mpaka Jumapili. Sijui kinamcheka nani.

Lakini linalonichoma zaidi ni kujumlishwa. Mbeya ileile inayotajwa kwa pumzi moja nasi inayo Kyela, kule kando ya Ziwa Nyasa, wanakolima mpunga na kakao na kulala na madirisha wazi. Mtu wa Kyela akisikia "baridi kali" anaangaliana na mkewe. Njombe nayo inayo Makete, na Makete inayo Kitulo, juu kule kwenye ng'ombe wa maziwa na maua, ambako mtu akisikia "baridi kali" anauliza wanamaanisha ya leo au ile yenyewe. Wote hao wamegawiwa wingu moja lililochorwa kwenye ramani, na jua limechungulia nyuma yake.

Na wala si lazima uende mbali hivyo. Jirani yangu ni bibi wa Kibena, ana viazi mviringo kwenye kinyungu chake kule bondeni, chini ya nyumba zetu. Mimi napanga nyumba ya juu, mlimani. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye viazi vyake ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma, lakini asubuhi zetu hazifanani hata kidogo. Kipimajoto cha wataalamu hukaa ndani ya kizimba cheupe cha mbao, kimeinuliwa kama mita moja na nusu kutoka ardhini, kina kivuli na hewa inapita. Viazi havikai kwenye kizimba. Usiku ambao hakuna wingu wala upepo, ardhi inauachia mbinguni ule ukidogo wa joto iliouweka mchana, na nyasi zinapoa kuliko hewa iliyo juu yake. Tena hewa ikipoa inakuwa nzito, inatambaa kufuata mteremko na kwenda kutuama bondeni. Ndiyo maana kizimbani patasomeka nyuzi nne, mimi nitaamka na umande, na bibi ataamka akute sakitu imetanda nyeupe juu ya matuta. Jua likichomoza inayeyuka, na kufika saa nne majani ya viazi yamenyauka na kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Nilimshukia kule bondeni jioni moja kumpa taarifa, maana mwenye televisheni ana wajibu kwa jirani.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwalimu. Mbona umejifunga hivyo, unaumwa?"

"Siumwi, bibi, ni baridi. Wamesema wiki ijayo itakuwa na mawingu kiasi."

"Ya usiku au ya mchana?"

Hapo nikakwama. Mtangazaji hakusema. Bibi akainua macho, akatazama anga la magharibi lililokuwa safi kama sahani, akaangalia moshi wa jiko la jirani ukipanda wima bila kuyumba, akaendelea kutupia nyasi kavu juu ya matuta. "Heri mawingu," akasema. "Mawingu yakikaa usiku, nalala. Leo hatulali." Usiku ule nilikuwa na kibarua cha kuuchukia utabiri kwa sababu umetuletea mawingu, kumbe kuna mtu anayaombea. Sasa mimi nataka jua la mchana, yeye anataka wingu la usiku, na sisi ni watu wa mtaa mmoja. Hebu nitafutie mtabiri wa kuturidhisha.

Yapo mengine ambayo hakuna taarifa inayoyagusa. Maharage, kwa mfano. Kwa mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, si 100 tulizokariri, kwa hiyo sufuria inatokota kwa kelele nyingi na maharage yanabaki na msimamo wake mpaka mkaa unakwisha. Suruali ya jinzi iliyofuliwa Jumamosi inavaliwa Jumanne, tena kwa imani. Kuhusu kuoga, mwalimu mwenye heshima zake haulizwi. Na jiko la mkaa, hilo nalisema bila mzaha: kila kipupwe watu hulala nalo chumbani, madirisha wamefunga, na ile hewa isiyo na rangi wala harufu haimwamshi mtu. Toa jiko nje, lala na soksi.

Starehe yangu pekee ni kwenda Makambako mwisho wa wiki, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Zambia, kuwapokea wageni wanaoshuka kwenye mabasi ya Dar. Wanashuka na fulana. Wanashuka na ndala. Kuna mmoja alishuka na kaptula na miwani ya jua, akasimama, akavuta pumzi, akarudi ndani ya basi kukaa. Wachuuzi wa masweta ya mtumba wamesimama papo hapo mlangoni, na bei yao haipungui. Wao wameusikia utabiri kabla yako.

Ni hapohapo Makambako nilipoenda kuchukua mzigo wa mama. Baada ya ile simu ya nyuzi nne aliamua kwamba ngozi yangu imepasuka, jambo ambalo ni kweli, akanitumia dumu la lita tano la mafuta ya nazi, aliyoyakamua mwenyewe, nipake asubuhi na jioni. Mafuta ya nazi yanataka joto la nyuzi 24 na zaidi ndipo yatiririke. Tanga yaliondoka yakicheza ndani ya dumu. Makambako yalifika yamekuwa tofali.

Kijana wa ofisi ya mizigo akasoma risiti, akaniambia nilipie nyongeza, kwa kuwa imeandikwa mafuta ya maji, na vitu vya maji vinalipiwa zaidi, vinaweza kumwagika vikaharibu mizigo ya watu.

Nikafungua kifuniko, nikalipindua dumu chini juu mbele yake. Halikutoka tone.

"Haya, mwanangu, yako wapi maji hapa?"

Akalitazama dumu, akanitazama mimi, akapuliza vidole vyake. "Mwalimu, bei inafuata hali ya hewa ya kule mzigo ulikopakiwa."

Nikalipa. Nikamuuliza kama ana mahali pa joto niyaweke yayeyuke kidogo, nipate angalau ya kupaka mikono. Akanionyesha benchi lililo nje, penye kipande cha jua, ambapo walishakaa watu watano na mbuzi mmoja wa kusafirishwa, akaniambia nipange foleni.