Kuku wa Kitaliano katika Sufuria Isiyofunuliwa

Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyetunga methali hii alikuwa mtu wa busara, lakini hakuwahi kuletewa presha kuka. Mtungi una mdomo, na kata huingia ikatoka na habari kamili. Sufuria ya presha ukishaikomea mfuniko wake, kata hubaki nje pamoja nasi, ikisubiri taarifa.

Na jikoni kwetu Pwani chakula hakijawahi kuwa cha mtu mmoja. Anayeshika mwiko ni karani tu. Mke wa kaka akipita hufunua, hunusa, husema vitunguu havijaiva. Shangazi hudondosha tone la mchuzi kiganjani, hulamba, hutazama dari, kisha hutoa hukumu ya chumvi. Kijana aliyekuja kuomba maji huondoka ameacha rai kuhusu ndimu. Pilau linapofika kwenye sinia, kila mmoja ana hisa yake humo, na mwenye hisa halalamiki. Hii ndiyo kazi ya kufunua sufuria: inagawa lawama kabla chakula hakijaharibika. Sufuria isiyofunuliwa inakuachia lawama zote peke yako.

Waliobuni chombo hiki hawakulifikiria hilo. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, akiwa London, alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, na kwa kuwa mvuke uliofungiwa hauna adabu, akakiwekea na vali ya usalama. Aprili 1682 wanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, waliandaliwa chakula cha jioni kilichopikwa chote ndani ya vyungu vyake. Mmoja wao, John Evelyn, aliandika katika shajara yake kwamba hata mifupa migumu ya ng'ombe ilitoka laini kama jibini. Sawa. Lakini ni rahisi kusifu sufuria pale ambapo mezani wameketi wanasayansi watupu. Ingekuwa mezani yupo mama mkwe kutoka Lamu, shajara ile ingesomeka vingine.

Sufuria yetu ilitoka Nairobi, zawadi ya shemeji mkubwa, ambaye haachi kuisifu. Ana haki yake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharagwe yanaweza kukaa jikoni hadi ukasahau uliyapikia nini. Ndani ya presha kuka kile kizito kinachokaa juu ya tundu huuzuia mvuke mpaka mgandamizo ufike karibu mara mbili ya ule wa hewa ya nje, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi. Maharagwe yanasalimu amri. Sisi wa Malindi tuko usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwa nyuzi zake 100 bila kusaidiwa na mtu, lakini zawadi ya shemeji hairudishwi.

Wazo la kupika Kitaliano, kwa upande mwingine, halikuhitaji kutoka mbali. Malindi imeishi na Waitaliano kwa miongo mingi. Wana nyumba zao, hoteli zao na mikahawa yao, na vijana wa ufukweni wanajadiliana nao bei kwa Kitaliano cha haraka kuliko Kiswahili cha wazazi wao. Shemeji mdogo amefanya kazi katika jiko la mojawapo ya hoteli hizo, na akiwa nyumbani hutukumbusha hivyo kila tunapokula. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alipotuma habari kwamba anakuja kututembelea, shemeji akatangaza kwamba safari hii bibi huyu hatapikiwa samaki wa kupaka, maana kwake Lamu anao. Atapikiwa kuku alla cacciatora.

Mapishi haya yana ukoo wa heshima. Pellegrino Artusi, mfanyabiashara aliyehamia Firenze, aliyaingiza katika kitabu chake cha upishi cha mwaka 1891, ambacho alikichapisha kwa fedha zake mwenyewe akiwa na umri wa miaka 71, na ambacho Waitaliano wanakitumia hadi leo. Maelezo yake ni mafupi. Kitunguu kikubwa kilichokatwakatwa kilowekwe kwenye maji baridi, kisha kikaangwe na kuwekwa kando. Kuku akatwe vipande na kukaangwa katika mafuta yale yale. Kitunguu kirudi, pamoja na chumvi, pilipili manga, nusu glasi ya divai nyekundu na rojo ya nyanya. Kichemke dakika tano, kipakuliwe. Dakika tano! Na mzee huyo akawaonya wenye matumbo dhaifu wakae mbali nacho. Hakuwaonya wenye kuku wa Lamu.

Kwanza ilikuja kesi ya divai. Shemeji alijaribu kueleza kwamba kilevi huondoka na mvuke. Mama mkwe, ambaye alikuwa bado hajavua hata buibui, akauliza: "Na huo mvuke, mwanangu, si umefungiwa humo ndani?" Sijawahi kuona hoja ya fizikia ikijibiwa vizuri namna ile. Shemeji akanyamaza. Tukatumia siki kidogo na maji ya ukwaju, kwa maelezo ya mama kwamba ukwaju haujawahi kumpeleka mtu kwa kadhi.

Kesi ya pili ilikuwa ya kuku wenyewe. Mke wangu alikuwa amenunua kuku wa gredi, mweupe, mnene, aliyekwisha kukatwa vipande. Mama mkwe naye alishuka kwenye basi na jogoo wa kienyeji amefungwa miguu, mwenye kucha ndefu na jicho la mtu anayedai kodi. Zawadi ya mkwe ikichelewa kuchinjwa, heshima inaingia doa. Nilimchinja. Shemeji akaona kuku mmoja hatoshi kwa watu wote wale, akawakaanga wawili, akawatia wote katika sufuria moja, akamwaga nyanya juu yao, akazungusha mfuniko hadi ukakaza.

Hapo ndipo mkataba mbaya ulipotiwa saini. Kuku wa gredi huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Hajatembea, hajapigana, hajafukuzwa kwenye shamba la mtu. Chini ya presha dakika kumi zinamtosha. Jogoo aliyezeeka ana misuli iliyoshikwa na nyuzi ngumu, ambazo hukazana kila mwaka anaoongeza, na nyuzi hizo hazilainiki mpaka zikae kwenye moto nusu saa na zaidi. Kuwapika pamoja ni kumtia mtoto wa chekechea na mzee wa kijiji katika mbio moja, kisha kushangaa kwamba hawakufika pamoja. Katika sufuria ya kawaida mtu angefunua, angechoma kwa uma, angemtoa mdogo na kumwacha mkubwa. Katika hii tulibaki kutazama bati.

Kilichobaki ni kusikiliza. Presha kuka yetu ni ya aina ile ya Kihindi: mvuke ukijaa, kizito kinanyanyuka, kinapiga mluzi, kinakaa. Wapishi wa sufuria hizi hawapimi dakika, wanahesabu miluzi. Basi nyumba nzima ikaanza kuhesabu. Mke wangu alihesabu kwa kichwa huku akipanga sahani. Mama mkwe alihesabu kwa tasbihi, lakini tasbihi ile ile alikuwa akiifanyia uradi wake, kwa hiyo hesabu yake ilipanda haraka na kwa baraka nyingi. Mwanangu wa mwisho aligundua kwamba anaweza kuuiga mluzi kwa mdomo, na akauiga vizuri mno. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mwanamke mwenye masikio na nia njema, alipaza sauti: "Baba watoto, huo ni wa saba, mnapika mawe?" Mke wangu alikuwa kwenye wa nne. Mama mkwe alikuwa amekaribia thelathini na tatu.

Tukiwa bado tunabishana, sufuria ikanyamaza.

Kelele ya presha kuka ina faraja yake. Ukimya wake hauna. Moto ulikuwa unawaka, mvuke ulikuwa haujulikani uliko. Baadaye tuligundua kwamba ganda la nyanya lilikuwa limepanda na kuziba tundu, maana nyanya zilikuwa hazijamenywa na sufuria ilikuwa imejazwa karibu hadi shingoni. Wakati ule hatukujua. Nilitoka nje nikafunga gesi kwenye mtungi, ambao kwa bahati tunauweka nyuma ya dirisha. Shemeji, aliyetufundisha Italia nzima, alikuwa amekwisha kufika barazani. Mama mkwe alisoma Ayatul Kursi mara moja, kwa sauti, kisha akaona amengoja vya kutosha.

"Hii sufuria yenu ina kiburi," alisema. Akachukua mwiko, akanyoosha mkono, akakipiga kile kizito ubavuni.

Kaskazini ya Malindi, huko Ngomeni, Waitaliano walikuwa na kituo chao cha kurushia roketi baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, walirusha kutoka pale satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, nayo ikafika angani salama. Kuku wetu alifika darini. Ulitoka mchirizi wa mvuke mwekundu, ulionyooka, wenye harufu ya siki, ukapiga rangi nyeupe ya dari ukasambaa. Mama mkwe hakuguswa na tone, kwa kuwa alikuwa amesimama kando kama mtu aliyeshauriwa na malaika. Alitazama juu, akatazama chini, akarudisha mwiko mahali pake. "Sasa imenyenyekea," alisema.

Tulisubiri mvuke uishe wenyewe, na safari hii hakuna aliyethubutu kuharakisha. Mfuniko ulipokubali kuzunguka, hesabu ilikuwa hii: kuku wa gredi hakuwepo. Ilikuwepo mifupa yake, safi kabisa, ikielea katika nyuzinyuzi zake mwenyewe. Jogoo wa Lamu alikuwepo mzima, mapaja yamekaza, amesimama katika mchuzi mwembamba kama mtu aliyevuka mto bila kulowa magoti. Wembamba ule nao una sababu yake. Mchuzi wa Kitaliano hupata uzito wake kwa kuachwa wazi, maji yakaondoka taratibu na nyanya ikabaki. Katika presha kuka karibu maji yote unayotia unayakuta, pamoja na yale yaliyotolewa na kuku na nyanya. Na chini ya sufuria, palipokaa nyanya nzito bila maji ya kutosha, palikuwa pameungua.

Shemeji alitaka kumwaga. Mama mkwe alikataa: mifupa ikatolewa, kilichoungua kikaachwa chini, mchuzi ukahamishiwa kwenye sufuria pana, jogoo akarudishwa peke yake kwenye presha na maji safi, tundu likiwa limesuguliwa. Na sufuria ile pana, kwa kuwa ilikuwa wazi, ikarudisha amani nyumbani. Mama mkwe alionja kwenye kiganja, akaomba ndimu. Mke wangu alionja, akatia pilipili mbichi. Jirani wa ukuta wa pili, ambaye sasa alikuwa amehamia upande wetu, alionja mara mbili, akasema kinachokosekana ni kitunguu saumu. Mtu fulani, na hadi leo hajajitaja, alimimina kikombe cha tui la nazi. Shemeji aliliona tui likiingia, akafunga macho kama mtu anayesindikiza maiti ya Artusi.

Jogoo alipolainika tulimrudisha mchuzini, tukala na wali. Kilikuwa chakula kizuri sana. Mtaliano asingekitambua, na Mswahili angesita kidogo kabla ya kukidai. Lakini mezani hakuna aliyelalamika, na kila mmoja alieleza jinsi alivyokiokoa yeye.

Basi kama nawe umeletewa sufuria hii na umeitamani cacciatora, usiogope. Usichanganye kuku wa gredi na wa kienyeji. Mwenye umri apike kwanza, mdogo afuate. Menya nyanya, ziweke juu ya nyama bila kukoroga, na chini tia maji au supu nyepesi. Usipitishe theluthi mbili za sufuria. Chungulia tundu la vali kabla ya kufunga, uone mwanga upande wa pili. Ukizima moto, mvuke uache utoke kwa hiari yake. Ukishafungua, maliza mapishi sufuria ikiwa wazi, mchuzi ukipungua na kila mtu wa nyumba akipita na kiganja chake, maana chakula kilichoonjwa na watu wengi hakina mshtakiwa. Na mama mkwe akija, mpokee vizuri, msikilize katika kila jambo, ila mwiko uufiche mpaka mfuniko utoke.