Kompaila ya Bure Haina Mpiga Debe

Kitu cha bure kina mkosi mmoja mjini: hakuna anayekipigia debe. Mpwa wangu anasomea hali ya hewa chuoni. Akanitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Mwalimu anataka tujifunze Fortran. Naomba hela ya kompaila."

Kwa asiyejua, kompaila ni programu inayogeuza maagizo uliyoyaandika yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza. Fortran yenyewe ni lugha ya wanasayansi. John Backus na wenzake wa IBM waliitoa mwaka 1957, Tanganyika ikiwa bado na gavana. Nilidhani ilishazikwa. Kumbe WRF, modeli inayotumika kutabiri hali ya hewa katika nchi nyingi, sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha hiyohiyo. Yaani mvua ikinyesha siku tuliyoahidiwa jua, kuna bibi wa miaka sitini na ushee wa kuulizwa.

Nikaanza kuulizia bei. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ukoo wetu umejaa wataalamu. Shemeji, ambaye kompyuta yake kazi yake ni kuchezea karata, akanishauri ninunue ya kampuni kubwa, maana "kitu cha hela kina heshima yake." Kijana wa duka moja Kariakoo akaniwekea fleshi mezani: kompaila ful, haina mambo ya leseni, elfu thelathini, na antivirusi juu. Nikamwuliza ni toleo gani. "La sasa hivi, mzee." Inafanya nini? "Inafanya kila kitu."

Hakuna hata mmoja aliyeitaja gfortran. Ataitaja kwa faida gani? Ni kompaila ya Fortran iliyo sehemu ya mkusanyiko wa GCC, inagawiwa bure na kihalali tangu 2005. Mwenye Ubuntu anaandika maneno manne, sudo apt install gfortran, anaweka nywila yake, anasubiri, basi. Mwenye Windows anaweza kupata FTN95 ya Silverfrost, ambayo kwa matumizi binafsi hailipiwi. Intel nao, waliouza ya kwao miaka na miaka, siku hizi wanaitoa bure, ila kuipakua tu bando la mwezi linakwenda na maji. Za kununua bado zipo. Ile ya NAG, ya kule Oxford, inasifiwa kwa ukali wa kukagua makosa, na mimi sina ugomvi nayo. Lakini mtoto anayejifunza kujumlisha ataifanyia nini? Hata gfortran, ukiiongezea maagizo ya ukaguzi, -Wall na -fcheck=all, inakuwa na mdomo wa kukutosha.

Basi mpwa akaiweka, na mwisho wa wiki akaja nyumbani na laptopu yake. "Mjomba, tujaribie bajeti yako." Akaiandika kwa mamilioni ili namba zisiwe ndefu: mshahara 0.9, kodi 0.3, nauli 0.1, luku 0.05, deni 1.4. Akabonyeza.

Mshahara ukatoka 0.

Kodi 0, nauli 0, luku 0. Kwa sekunde moja nikawa mtu ninayekaa nyumba ya bure, napanda daladala bure, nawasha taa bure, na sina kazi. Deni tu ndilo lililotoka na nukta zake zote: 1.39999998. Nikapiga hesabu. Katika milioni moja na laki nne nilikuwa nimesamehewa senti mbili.

"Hayo ndiyo matunda ya vitu vya bure," nikamwambia.

"Hapana mjomba, hata ungenunua ya dola ingekata hivyohivyo. Ni sheria ya lugha."

Sheria yenyewe ni ya enzi za kadi za kutoboa: jina linaloanza na herufi kuanzia I hadi N, usipolitangaza, linahesabiwa kuwa namba kamili, na kila kilicho nyuma ya nukta kinatupwa. Mshahara, kodi, luku, nauli, wote wameangukia humo. Deni, kwa kuanza na D, limesalimika. Wamarekani waliotunga sheria hiyo hawakujua neno la Kiswahili, lakini maisha yetu waliyalenga vizuri. Na ukiandika 1/2, jibu ni 0, kwa tajiri na kwa maskini, kwa kuwa namba kamili zikigawanywa hapo hazibaki na nusu. Nusu unaipata ukiandika 1.0/2.0, na hilo halihitaji risiti.

Dawa ya majina nayo ni maneno mawili, implicit none, yanawekwa juu kabla ya matangazo. Ukishayaweka, kompaila inagoma mpaka kila jina litangazwe ni namba ya aina gani. Mpwa akayatangaza yote kuwa real, akabonyeza tena. Laki tisa zangu zikarudi. Mwenye nyumba naye akarudi, na konda, na umeme. Chini kabisa likatokea salio: hasi, karibu laki tisa na nusu.

Kwa hiyo anayeuza kompaila aje tu, mlango uko wazi. Nina swali moja: hiyo yake, pale kwenye salio, inatoa jibu gani? Kama ni tofauti na hili, naichukua leo hii, kwa mkopo.