Barua ya Wazi kwa Ofisi Iliyopewa Dhamana ya Hewa

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi,

Baada ya kukuarifu kwamba sisi wa Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga, ni wazima kwa kadiri ambayo mtu asiyepimwa aweza kujidai kuwa mzima, naleta shukurani kwa habari njema iliyotufikia kutoka kwenu, ya kwamba hakuna takwimu yoyote inayothibitisha kuwa hewa ya huku ina madhara. Furaha yetu ilizidi tulipotambua njia mliyoitumia kuipata habari hiyo, nayo ni kutokuweka kipimo.

Hakika hiyo ni hekima, tena nafuu. Watu wa London walipofunikwa na moshi wa makaa ya mawe kwa siku 5 mnamo Desemba 1952, walifanya taksiri ya kuhesabu maiti zao, wakapata zipatazo 4,000, wengi wao wakiwa wagonjwa wa kifua na wa moyo. Na kwa sababu ya hesabu hiyo wakalazimika kutunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Lau wangalinyamaza, wangaliuvuta moshi wao kwa raha mustarehe.

Wala mtu asidhani kwamba nchi yetu haijui kupima. Makaa ya Ngaka, yachimbwayo kwa jirani zetu wa Ntunduwaro, hupimwa mpaka mtu akachoka. Tangu vita vya Ukraine vilipowatia Wazungu baridi mwaka 2022, malori huyabeba makaa ya mkoa wetu wa Ruvuma zaidi ya kilomita 600 hadi Mtwara, bandari iliyozoea harufu ya korosho, na lori likizidisha uzito kwenye mizani hutozwa faini papo hapo. Tani zinajulikana, ekseli zinajulikana, mrabaha unajulikana. Ama lile vumbi jeusi lipenyalo chini ya turubai, na ule moshi wa dizeli mlimani, kwa kuwa havina ekseli, hupita bure.

Navyo hupita mbali. Chembe zilizo ndogo kuliko mikroni 2.5, ambazo unywele mmoja wa binadamu ni mnene mara 30 hivi kuliko iliyo kubwa kabisa kati yake, hazikomei puani wala kooni. Hushuka hadi vifukoni mwa pafu, na zilizo ndogo zaidi huingia damuni, na huko mishipa huvimba kwa ndani, hukakamaa, shinikizo hupanda, damu huganda kwa urahisi, hata siku moja moyo ukakosa njia ya damu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishusha kiwango cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5 kwa wastani wa mwaka. Shirika hilohilo lilihesabu vifo milioni 3.2 vya moshi wa majumbani, wenye chembe zizo hizo, kwa mwaka 2020, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhangaa, sisi tuliodhani moshi ni habari ya kikohozi tu: 32 kwa mia ni vya maradhi ya moyo, na 23 kwa mia ni vya kiharusi.

Huku kwetu, alhamdulillahi, hafi mtu kwa moshi. Hufa ghafla, au hufa kwa presha, au hufa kwa mkono wa jirani asiyependwa. Mama mmoja wa hapa, aliyekuta presha yake imepanda, alihimizwa apunguze chumvi. Na chumvi ina dhambi zake, siikatai, lakini hakuna aliyemwuliza anapikia nini. Anapikia kuni mbichi na magunzi, katika jiko lisilo na dirisha, ambalo masizi yake huning'inia darini kwa nyuzi ndefu. Huinama kuupuliza moto, mtoto mgongoni, na maharage ya Mbinga, kama ujuavyo, hayaivi upesi.

Najua utaniambia kwamba tangu Mei 2024 tunao mkakati wa kitaifa, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naupenda mkakati huo. Ila mtungi ukiisha gesi, safari ya kuujaza hugharimu nauli, na kuni ziko nyuma ya nyumba.

Kisha huja kiangazi, mapori yakawashwa, na jua likawa jekundu tangu saa tisa alasiri. Wazee wetu wa Kimatengo, wasiokuwa na mkakati wowote ulioandikwa, walilima mashimo ya ngoro kwa kuzilaza nyasi walizofyeka na kuzifukia udongoni, wala hawakuzitia kiberiti. Lakini hawakuwa wataalamu, basi tusiwataje.

Ombi letu ni kipimo kimoja tu, kitundikwe jikoni wala si ofisini. Ikiwa bajeti hairuhusu, basi tuletee afisa mmoja mwezi wa Oktoba, aketi karibu na mafiga tangu maharage yatelekwapo hadi yaivapo, siku zote za mwezi huo, nasi tutampima presha siku ya kufika na siku ya kuondoka. Chakula chake tutakipika bila chumvi, asije akapata cha kusingizia.

Ni mimi, mtiifu wako,
Mkazi wa Litumbandyosi