Ainisho Jipya la Ndege Walalao Bustanini Wakati wa Baridi

Tangu Linnaeus wa Sweden achapishe toleo la kumi la kitabu chake mwaka 1758, wataalamu wamepanga ndege kwa midomo, miguu na manyoya. Mpango huo unafaa mchana. Saa moja jioni mwezi wa Julai, pale Uzunguni mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, haukusaidii kitu: kila ndege ni donge la manyoya lililotuna. Linalobaki kuulizwa ni amelala na nani. Kigezo hicho ndicho tunachopendekeza.

Fungu la kwanza ni Wabanani. Mkuu wao ni kuzumburu, ambaye wengine humwita pasa: rangi ya udongo, kishungi kichwani, mkia mrefu kuliko mwili. Ukoo wake haupo kokote duniani ila Afrika. Vidole vyake vyote vinne huweza kugeuka mbele, kwa hiyo haketi juu ya tawi kama ndege wenye adabu. Huning'inia ndani ya msipresi, kifua kwa kifua na mwenzake, kundi zima likawa rundo. Usiku joto la mwili wake huteremka, akiba isiishe kabla ya kukucha. Jua likitoka utamkuta ananing'inia kileleni, miguu ameitanua, tumbo ameliachia jua, na haya hana. Utamwonea huruma, mpaka ukumbuke miche ya kabichi aliyoitafuna. Hapa amepewa nafasi kwa heshima ya sayansi tu.

Chini yake yupo tongo, mwenye gramu 10 hivi. Huyu hujenga kiota cha kulala tu, bila nia yoyote ya kutaga, kisha ukoo mzima ukajisokota humo. Tumemwandika kuwa Mbanani Mwenye Hati.

Fungu la pili, Wapweke, limejaa chozi. Ndege aliyeshinda kutwa akiwafukuza wenzake kwenye maua hawezi jioni kuwaomba joto. Hujificha peke yake ndani ya bogonvilia, na baadhi ya chozi wa milimani nao hushusha joto la mwili.

La tatu ni Watoro. Mbayuwayu bluu huzaliana Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, wakati wa mvua. Baridi ikikaribia huyo, kwenda pande za Ziwa Victoria. Binamu yake wa Ulaya huja kukwepa baridi ya kwao na huondoka Aprili, kabla ya yetu. Wote wawili wanakosa sifa ya kuingia katika utafiti huu, lakini ainisho bila watoro halichapishwi.

Kuhusu malazi, kanuni ni paa kwanza. Usiku wa kiangazi mbingu huwa hazina mawingu, na joto la kiumbe asiyefunikwa hupanda moja kwa moja angani. Majani mazito yakiwa juu yake hulizuia. Ndiyo maana michongoma iliyoshonana ya Gangilonga, Iringa, ina wapangaji wengi kuliko mkaratusi mrefu wenye majani machache. Msipresi una faida ya ziada: unakata upepo.

Ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu, ambao siku hizi unachukua nafasi ya michongoma, hatukuupa fungu. Hakuna spishi iliyoomba.