Barua ya Wazi kwa Hazina ya Taifa: Asanteni kwa Joto

Waheshimiwa wa Hazina,

Tunawaandikia kutoka Ishiara, Mbeere Kaskazini, kuwashukuru kwa ukarimu wenu. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu aliyekopa ili anunue, ajenge au aboreshe nyumba anayoishi kuondoa riba ya mkopo huo kwenye mapato yanayotozwa kodi, na mwishoni mwa 2024 mlipandisha kikomo chake kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Hongereni. Kilichobaki ni kumtafuta mkazi wa huku anayelipa riba ya kiasi hicho. Wengi wetu hujenga kwa kuuza mbuzi na ndengu: mabati msimu huu, saruji msimu ujao Mungu akipenda. Asiye na mkopo wa benki wala payslip hana cha kupunguziwa, ila kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mabati hayo huilipa papo hapo dukani, bila kujaza fomu.

Njooni saa nane mchana muone duka lililoezekwa kwa mabati lisilo na silingi. Friji ya soda inanguruma bila kupumzika, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Dawa ya joto hili fundi yeyote anaijua: silingi, madirisha yanayotazamana, paa lipakwe rangi nyeupe. Silingi ina VAT, rangi ina VAT. Mwenye duka akishindwa hununua feni, nayo ina VAT, kisha kila mwezi hulipa VAT juu ya umeme wa kuizungusha. Tukubali kwamba mpango huu hauna dosari: kadiri tunavyoungua ndivyo mnavyokusanya.

Mtajibu kwamba sola ina msamaha. Kweli, msamaha unaopigishwa kwata: 2013 uliondolewa, 2014 ukarudishwa, 2020 ukaondolewa tena, 2021 ukarudishwa. Mwenye kinyozi anayeweka akiba kidogo kidogo anunue paneli na betri hajui akimaliza kudunduliza atakuta bei gani. Kampuni kubwa ina mhasibu wa kufuatilia kila Sheria ya Fedha. Yeye ana mkasi.

Mtasema pia kwamba Hazina haina pesa za kupoteza. Lakini nafuu ya riba nayo ni pesa mnayoiacha; mmekwisha kuchagua wa kumwachia. Mkihofia kwamba VAT ikiondolewa kwenye silingi na rangi muuzaji atatia msamaha mfukoni, hofu hiyo ina msingi, maana bei hazishuki kwa hisani. Ila mmewalazimisha wafanyabiashara kutumia risiti za kielektroniki za eTIMS; zitumieni kulinganisha bei kabla na baada ya msamaha. Na msituambie kuondoa kodi haiwezekani: gesi ya kupikia mliitoza VAT ya asilimia 16 Julai 2021, mkaishusha hadi 8 mwaka 2022, na 2023 mkaifanya sifuri. Kumbe kalamu ya kufuta mnayo.

Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni kufikia 30 Aprili. Katika ujao, ondoeni VAT kwenye silingi na rangi za kupunguza joto la paa, kisha andikeni kwamba msamaha huo, pamoja na ule wa sola, hautaguswa kwa miaka 5. Mwenye mkopo aendelee na riba yake. Sisi tupunguzieni pale dukani, tunapolipia kodi.