Ikifa Njiani, Itakufanya Nini? Mwongozo wa Kununua Spea

Ukifika kaunta ya duka la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, utaulizwa: "Nikupe orijino au ya kawaida, bosi?" Wengi hupapasa mfuko kwanza, ndipo wajibu. Anza na spea yenyewe. Jiulize: ikifa njiani, itakufanya nini?

1. Panga spea mafungu matatu

Kuna spea ambazo zikifa zinakuaibisha tu: bampa, grili, vifuniko vya rimu, vishikio vya mlango. Hapo nunua ya bei nafuu na roho yako itulie. Bampa likipauka, safari haiharibiki.

Fungu la pili ni la spea zinazokulaza njiani: altaneta, rejeta, pampu ya maji, mikanda ya injini. Hapa ongeza pesa kadiri ya safari zako. Gari la kwenda sokoni na kurudi si sawa na gari la kwenda Mbeya.

Fungu la tatu ni la zinazoua: pedi za breki, mipira ya breki, boljointi, viungo vya usukani. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala na usukani unabaki pambo mikononi mwako. Mteremko wa Kitonga hausikilizi habari ya punguzo ulilopewa dukani. Katika fungu hili nunua iliyo bora, na kama pesa haijatosha, gari lilale nyumbani.

2. Uliza kuifikia ni kazi gani

Beringi ya klachi si kitu cha bei kubwa. Lakini kuifikia lazima giaboksi ishushwe, na fundi analipwa kwa kuishusha na kuipandisha. Ukiweka beringi hafifu, ikianza kulia utamlipa fundi kwa kazi ileile mara ya pili. Spea iliyojificha ndani ya gari inunuliwe nzuri, hata kama ni ndogo.

3. Usilipie boksi

Kampuni za magari hazitengenezi kila kitu zenyewe. Denso, iliyotengana na Toyota mwaka 1949, hutengeneza plagi, altaneta na vifaa vya eisii. Aisin hutengeneza klachi na pampu za maji. KYB ni watu wa shokapu, NGK ni watu wa plagi. Spea ya kiwanda cha namna hiyo, ikiwa kwenye boksi la kiwanda chenyewe, mara nyingi huuzwa chini ya ile iliyo kwenye boksi la kampuni ya gari. Mwenye mshahara wa kawaida aanzie hapo.

Wala usiikatae spea kwa sababu tu imetoka China. Viwanda vyenye majina makubwa navyo vinazalisha huko. Adui ni feki: kitu cha mtu huyu kilichobandikwa jina la yule. Spea ya bei nafuu inayotaja jina lake ni biashara halali. Feki ni wizi, na kwenye breki ni hatari kwa kila aliye barabarani.

4. Soma spea kabla ya kulipa

Nenda dukani na spea ya zamani mkononi na namba ya chasisi kwenye simu. IST ya NCP60 ina injini ya cc 1,300, ya NCP61 ni cc 1,500. "Ya IST" peke yake haitoshi.

Pedi za breki zigeuze uangalie ubavuni. Nyingi huchapwa herufi mbili za kiwango cha mshiko: ya kwanza ni pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imechemka. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF ni chaguo zuri kwa gari dogo. EE inashika kwa unyonge. Ukiona E ndani ya duara pamoja na 90R, pedi hiyo imeidhinishwa kwa kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia. Herufi nazo hughushiwa, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeandika jina la spea kwenye risiti.

Filta ya oili ichungulie kwenye matundu uone mpira unaozuia oili isirudi chini. Mpira huo ukiwa mbovu, oili inashuka usiku, na asubuhi injini inagonga kabla oili haijapanda.

5. Ya mtumba ina mahali pake

Mlango, taa, giaboksi au injini nzima kutoka Japani inaweza kuwa bora kuliko mpya hafifu. Lakini pedi, mikanda, bushi na shokapu usinunue za mtumba. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na shokapu iliyochoka haionyeshi uchovu wake ukiitazama tu.

6. Mlipe fundi ufundi wake

Ukimbana fundi mpaka ufundi wake uwe kama bure, atatafuta cha juu kwenye spea, na njia rahisi ni kukuletea hafifu kwa bei ya nzuri. Patana naye ufundi wa haki, nendeni dukani pamoja, na spea iliyotolewa uione kwa macho yako.

Pesa ikiwa haitoshi vyote, fuata mafungu kutoka chini kwenda juu: breki na usukani kwanza, kisha vya kukulaza njiani, urembo mwisho. Bampa lifungwe waya hadi mwisho wa mwezi. Breki hazikopeshi.