Barua ya Wazi kwa Kampuni ya Walt Disney Kuhusu Maoni ya Watazamaji wa Kiuu

Kwa Kampuni ya Walt Disney,
Burbank, California.

KUH: MAONI AMBAYO HAYAKUOMBWA

Barua hii inawasilishwa kwa niaba ya watazamaji wa Kiuu, wadi ya Ruiru iliyo upande wa Githurai 45, ambao kwa zaidi ya miaka 30 wametazama filamu za katuni za familia zilizosheheni majina ya lugha yao bila yeyote kuwauliza wameonaje. Inafahamika kwamba huko Marekani na Kanada filamu kubwa inapoanza kuonyeshwa, shirika la CinemaScore huwasubiri watazamaji milangoni usiku wa kwanza na kuwapa kadi ya maoni, yaani karatasi ndogo ambayo mtu huitumia kuipa filamu alama ya A hadi F kama mwalimu anayesahihisha insha. Inafahamika pia kwamba The Lion King ya mwaka 1994 ilipewa A+, ile ya 2019 ikapewa A, na Mufasa ya Desemba 2024 ikapewa A-. Alama hizo zinateremka kwa adabu, ngazi moja baada ya nyingine, na Kiuu ingeweza kueleza sababu lau kadi moja tu ingepotea njia ikaangukia upande huu wa bahari.

Maoni yenyewe si mazito. Watoto wa Kiuu hawana tatizo na Timon wala Pumbaa, na hawajapata kuwa nalo. Wazazi wao wanaona kwamba wanyama wa 2019 na 2024, waliotengenezwa kwa kompyuta ili wafanane na wanyama halisi hadi unyoya wa mwisho, wamefanana nao kupita kiasi, kiasi kwamba simba anayefiwa na simba anayepiga miayo wana sura moja. Kuhusu hadithi ya 2024, ambamo Mufasa anageuka kuwa yatima aliyesombwa na mafuriko na kulelewa na jamaa ya mwanamfalme Taka kabla hajachukua ufalme, wazee wa Kiuu waliitazama kwa utulivu wa watu waliozoea kesi za urithi. Uamuzi wao ni kwamba Taka alikuwa na hoja ya kisheria, ila alikosa wakili. Na safari ndefu ya kutafuta nchi iitwayo Milele iliwaacha wengi wakisubiri kutajiwa nauli.

Hayo yote, hata hivyo, yalitazamwa kwa Kiingereza. Mfalme Simba ana jina la Kiswahili, mganga wake Rafiki ana jina la Kiswahili, nchi ya ahadi ina jina la Kiswahili, lakini wanapofungua vinywa kuzungumza, lugha iliyowapa majina huombwa ikae nje ya ukumbi. Kampuni haiwezi kujitetea kwamba kazi ya kuingiza sauti, yaani kurekodi upya maneno ya wahusika katika lugha nyingine, haiwezekani kwa lugha za Kiafrika, kwa sababu The Lion King iliingizwa sauti za Kizulu katika miaka hiyohiyo ya 1990. Wala haiwezi kusingizia uchache wa watu, kwa kuwa mwaka 2022 filamu hiyo ilitolewa kwa Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, nchi ambayo wakazi wake wote, wanaoijua lugha hiyo na wasioijua, ni takriban milioni 5. Kiswahili, kwa hesabu ya UNESCO, kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Wamaori walistahili, na Kiuu inawapongeza. Swali ni dhambi gani walitenda hawa milioni 200.

Pengo hilo limezibwa na watu wasio na studio. Kwa miaka mingi vibanda vya video vya mitaa ya Nairobi na viunga vyake vimeonyesha filamu za kigeni zilizosimuliwa upya na DJ Afro, msimulizi ambaye humwekea kila mhusika maneno ya Kiswahili na Sheng, humpa jambazi jina la mtaani, na kumwonya shujaa kabla hatari haijafika. Kijana mwenye maikrofoni alifikia mapema jambo ambalo kampuni iliyovuna zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa filamu moja ya 2019 bado inalitafakari.

Ipo pia habari ya fulana. Mwaka 1994 Kampuni iliwasilisha Marekani ombi la kusajili "Hakuna Matata" kama chapa ya biashara, yaani alama ambayo sheria humpa mtu mmoja haki ya kuitumia kuuzia bidhaa za aina fulani, na usajili huo, unaohusu mavazi, ukakamilika mwaka 2003. Kauli hiyo ilikuwa ikitembea midomoni mwa watu wa pwani tangu zamani, na mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms iliisambaza duniani kupitia wimbo wa "Jambo Bwana", miaka tisa kabla ya wachoraji wa Kampuni kutua Kenya mwaka 1991 kuyatazama majabali ya Hell's Gate kule Naivasha. Mwishoni mwa 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia saini malalamiko ya kutaka usajili ufutwe, nao mawakili wakafafanua kwa upole kwamba hakuna aliyekatazwa kutamka maneno hayo. Kiuu inashukuru kwa ruhusa. Ni ukarimu wa aina yake mgeni kuingia nyumbani kwa watu, kuchukua sufuria jikoni, kuichora nembo yake, kisha kuwahakikishia wenyeji kwamba wanaweza kuendelea kunusa mvuke. Huo ni wizi uliopigwa mhuri, na watu walioutenda wanajua hivyo.

Barua inarudi kwenye unyenyekevu wake, ili ombi kuu lisije likakataliwa kwa sababu ya ukali wa maneno.

Inaombwa kwamba Simba mwenyewe, mwana wa Mufasa, ambaye amebeba jina la Kiswahili tangu Juni 1994 bila kutunga sentensi moja kamili ya lugha hiyo, aletwe Kiuu na kuandikishwa Gredi ya Kwanza katika shule ya msingi ya umma. Kikwazo cha kwanza kitakuwa cheti cha kuzaliwa, kwa maana hafla ya kuinuliwa juu ya mwamba, ijapokuwa ilishuhudiwa na umati ambao ofisi yoyote ya usajili ingeuonea wivu, haitambuliwi na Serikali. Rafiki atalazimika kwenda kwa chifu kuchukua barua, na aende mapema kabla foleni haijafika barabarani. Fomu ya mlezi isijazwe na amu wa mtoto, kwa sababu zinazojulikana. Sweta ya shule itashonwa upya shingoni ili ipitishe manyoya, na mwanafunzi atakalishwa dawati la nyuma asiwazibie wenzake ubao. Chakula hakitasumbua: mtu aliyelelewa kwa wadudu na Timon na Pumbaa hawezi kuikataa githeri. Kwa kuwa mtaala wa umilisi, yaani mfumo unaompima mtoto kwa anachoweza kutenda, humtaka mzazi atengeneze nyumbani kazi ya mradi, aipige picha na kuichapisha kwa rangi kwenye saiba, Kampuni itaombwa kuchangia wino. Katika somo la ngeli ya A-WA anatarajiwa kufanya vyema, maana yeye ndiye mfano uliomo kitabuni. Makanga wa matatu za 45 wataombwa wasimfundishe chochote kabla ya mwalimu wake. Akifika Gredi ya Sita atafanya tathmini ya KPSEA kama watoto wengine, na akimaliza, atarudi Burbank na kuyasema maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili, jambo litakaloiokolea Kampuni gharama ya waigizaji ambayo bila shaka ndiyo iliyokuwa ikiizuia.

Maombi mengine ni madogo. Fisi Shenzi, aliyepewa jina ambalo ni tusi wakoloni walilowatupia wenyeji wa nchi hii na kisha akawekwa kuishi pale ambapo mwanga wa ufalme haufiki, abadilishiwe jina, kwa kuwa watu wa Githurai wanaijua picha hiyo ya mtaa wa gizani na hawaioni kuwa ya kuchekesha. Huduma ya Disney+ ifunguliwe Kenya, kwa sababu mwaka 2023 Kampuni ilitoa humo mkusanyiko wa katuni za Kiafrika ulioitwa Kizazi Moto, ambao mmoja wa waongozaji wake, Ng'endo Mukii, ni Mkenya, huku Wakenya wakiwa hawana njia halali ya kujiunga na huduma hiyo nchini mwao. Walitumia nini kuitazama, Kampuni isiulize. Kadi za maoni ziletwe hata kama zimebaki za mwaka 1994. Fulana zirudishwe Mombasa.

Kampuni inaombwa kujibu kwa Kiswahili. Jibu la Kiingereza litahifadhiwa bila kusomwa.

Watazamaji wa Kiuu,
Ruiru, Kaunti ya Kiambu.